Trela ya Kikundi: Tupime Uzito wa Mkono Kabla ya Safari



Safari hii tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii mpaka siku ya hasara. Nalo ni trela inayovutwa na pikapu. Vikundi vingi sasa vinanunua vitu vizito: mashini ya kusaga unga, pampu ya maji, jenereta, mashini ya kufyatua matofali. Vitu hivi huletwa nyumbani kwa pikapu na trela ndogo ya kuazima au kukodi. Kila mtu huuliza, "Je, trela itabeba?" Ni wachache wanaouliza, "Je, mzigo umekaa wapi?"

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kiliweka pesa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, kisha wakaongeza mkopo, wakanunua mashini ya posho na injini yake ya dizeli. Siku ya kuichukua walikodi pikapu, wakaazima trela ya magurudumu mawili. Vijana waliopakia waliiweka injini nyuma kabisa, karibu na mlango wa trela. Walisema kwamba hivyo itakuwa rahisi kuishusha. Sisi pia tulikuwepo tukitazama, na hatukusema kitu, kwa sababu hatukujua. Hiyo lawama tunaibeba mpaka leo.

Barabara ya murram waliimaliza salama, maana dereva alikwenda polepole. Walipofika kwenye lami na mteremko, gari likashika mwendo, na trela ikaanza kucheza. Ilikwenda kushoto, ikaja kulia, kila mara kwa nguvu zaidi. Dereva akakanyaga breki. Trela ikalala mtaroni, ikaivuta pikapu nyuma yake. Dereva na akina mama wawili waliokuwa mbele walitoka na majeraha madogo, tunashukuru. Lakini chuma cha injini kilipasuka. Mashini haikusaga hata kilo moja ya mahindi, na mkopo ulibaki pale pale.

Basi tulikwenda kuwauliza mafundi na madereva wa siku nyingi, tukajifunza, tukajaribu wenyewe uwanjani. Haya ndiyo tunayotaka kuwagawia.

MKOKOTENI UTATUFUNDISHA

Hebu tuanze na kitu tunachokijua sote. Mtazameni kijana anayevuta mkokoteni sokoni. Mkokoteni una magurudumu mawili katikati. Akipakia magunia nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni inapanda juu, na yeye ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Akipakia yote mbele, mikono inamlemea mpaka mgongo unauma. Kijana mwenye ujuzi hupanga magunia katikati, halafu anaongeza uzito kidogo tu upande wa mbele. Hapo mkokoteni unatulia na anauongoza vizuri.

Mkokoteni wa punda ni vile vile. Mzigo ukiwa nyuma, mkanda wa tumboni unamwinua punda. Mzigo ukiwa mbele mno, mgongo wake unapata vidonda. Punda hawezi kusema, lakini vidonda vinasema.

Pikapu ndiyo punda wetu. Trela ina chuma kirefu kinachotoka mbele yake mpaka kwenye kiungo kilicho nyuma ya gari. Chuma hicho hapa tutakiita mkono wa trela. Ule uzito ambao mkono unakandamiza juu ya kiungo cha gari ndio uzito wa mkono. Ndio tunaotaka kuupima.

UKIWA MDOGO, UKIWA MKUBWA

Uzito wa mkono ukiwa mdogo mno, maana yake mzigo mwingi uko nyuma ya magurudumu ya trela. Trela ya namna hiyo hutulia ukienda polepole, ndiyo maana hudanganya watu. Mwendo ukizidi, shimo dogo tu, au upepo wa lori linalopita, unatosha kuisukuma kando. Ule mzigo wa nyuma ukishaanza kwenda kando hauachi upesi. Unauvuta mkia wa trela, mkia unausukuma mkono upande wa pili, na mkono unalisukuma gari. Kisha mchezo unarudi upande huu kwa nguvu zaidi. Ndivyo akina mama wale walivyopata ajali.

Uzito wa mkono ukiwa mkubwa mno, nyuma ya pikapu inalala na mbele inainuka. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki. Yakiwa mepesi, usukani unakuwa mwepesi wa kutisha na gari halisimami upesi. Usiku taa zinamulika miti badala ya barabara. Springi na tairi za nyuma nazo zinaumia.

Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Tuseme mkono unakandamiza kilo 100, na kiungo kiko sentimita 120 nyuma ya ekseli ya nyuma ya pikapu. Tuseme tena kwamba kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni sentimita 300. Ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 100 tu. Inaongezewa kilo 140, kwa sababu zile 40 zimetolewa mbele. Ni kama mbao ya watoto ya kubembea: mmoja akikaa huku, mwingine anainuka kule.

KIASI GANI KINATOSHA?

Kwa trela ya ekseli moja, au ya ekseli mbili zilizokaribiana katikati, madereva wengi hufuata kanuni hii: uzito wa mkono uwe kati ya kilo 10 na kilo 15 katika kila kilo 100 za trela pamoja na mzigo wake. Trela na mzigo zikiwa kilo 900, mkono uwe kati ya kilo 90 na kilo 135.

Kanuni hii inatumika sana Marekani. Magari mengi ya Ulaya huruhusu kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo kuna sheria ya pili, na hii ndiyo kubwa: usipite kamwe kiasi kilichoandikwa na waliotengeneza gari na kiungo chake. Tafuta kitabu cha gari, na utazame kibati kidogo kilichogongwa kwenye chuma cha kuvutia. Ukikuta kibati kinasema mwisho ni kilo 75, na trela yenu ya kilo 900 inataka 90, dawa si kuirudisha injini nyuma ili mkono uwe mwepesi. Dawa ni kupunguza mzigo, au kukodi lori. Afadhali safari mbili kuliko matanga moja.

Trela yenye magurudumu mbele na nyuma, ambayo mbele inajigeuza yenyewe, haimo katika maneno haya. Mkono wake hautakiwi kubeba uzito wa mzigo.

KUJUA UZITO WOTE

Kabla ya kupima mkono, lazima tujue jumla. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni mizani ya magari. Viwanda vya sukari na maghala makubwa ya nafaka huwa na mizani ya kupima lori zima. Ombeni ruhusa kwa adabu, mara nyingi watakubali. Hapo unaweza kumaliza kazi yote kwa mara moja. Pimeni pikapu peke yake, bila trela. Halafu fungeni trela yenye mzigo, na mpime magurudumu ya pikapu tu yakiwa juu ya mizani, trela ikiwa bado nje. Kilo zilizoongezeka ndizo uzito wa mkono. Mwisho endesheni mbele mpaka magurudumu ya trela peke yake yawe juu ya mizani. Jumlisheni kilo hizo na uzito wa mkono, mtapata uzito wa trela yote. Watu wasipande na kushuka katikati ya kazi, hesabu itaharibika.

Njia ya pili ni kujumlisha wenyewe. Uzito wa trela tupu mara nyingi umeandikwa kwenye kibati chake. Uzito wa mashini umeandikwa kwenye karatasi ya dukani au kwenye kibati cha mashini. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Gunia la mahindi ni kilo 90. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 200 likijaa maji ni kilo 200, na pipa lenyewe juu yake. Pipa la dizeli ni jepesi kidogo: mafuta yake ni karibu kilo 170. Msisahau vitu vidogo kama spana, minyororo, mbao na tairi ya akiba. Haba na haba hujaza kibaba, hata kwenye trela.

KUPIMA KWA MIZANI NDOGO

Ikiwa hakuna mizani ya magari karibu, msikate tamaa. Mizani ya kusimama juu yake, kama ile ya kupimia watu wazima zahanati, inatosha. Lakini nyingi zinaishia kilo 120 au 150, na ukiitupia mkono wa trela moja kwa moja unaweza kuivunja. Zahanati itabaki bila mizani na ninyi mtabaki na deni lingine. Kwa hiyo tutatumia mbao.

Tayarisheni mizani, mbao ngumu nene yenye urefu wa mita moja na zaidi, matofali, vipande viwili vifupi vya bomba la chuma, kipande cha mti imara, jeki, na mawe ya kuzuia magurudumu. Kisha fanyeni hivi:

1. Wekeni trela mahali tambarare kabisa, ikiwa na mzigo wote, umefungwa vile utakavyosafiri. Wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya trela.

2. Trela ikiwa bado imefungwa kwenye gari, pimeni kwa futi ya fundi kimo cha mkono kutoka chini. Andikeni. Wakati wa kupima lazima mkono uwe katika kimo hicho hicho, maana ukiinuka au kushuka mzigo nao unaegemea.

3. Inueni mkono kwa jeki, ondoeni gari. Mtu asiweke mguu wala mkono chini ya trela. Watoto wakae mbali.

4. Wekeni mizani upande mmoja na matofali upande wa pili, yafikie kimo sawa na mizani. Juu ya matofali laza kipande kimoja cha bomba, na juu ya mizani kingine. Lazeni mbao juu ya mabomba hayo mawili. Kutoka bomba mpaka bomba iwe sentimita 90 kamili.

5. Someni mizani ikiwa na mbao tu. Andikeni. Tuseme inasema kilo 3.

6. Pimeni sentimita 30 kutoka kwenye bomba la matofali, mtie alama ya chaki. Kutoka alama hiyo mpaka bomba la mizani zitabaki sentimita 60. Simamisheni kile kipande cha mti juu ya alama, halafu shusheni jeki polepole mpaka mkono wa trela ukae juu ya mti, mahali pale pale panapokaa juu ya kiungo cha gari. Jeki iwe huru kabisa.

7. Someni mizani. Toeni zile kilo za mbao. Zidisheni mara tatu.

Kwa nini mara tatu? Kwa sababu mkono uko karibu na matofali, matofali yanabeba sehemu mbili na mizani inabeba sehemu moja. Angalieni sana msigeuze: mkono uwe karibu na matofali, wala si karibu na mizani. Mkigeuza, hesabu ni ya uongo na mizani inaweza kuharibika.

Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia majani chai, pia inafaa ikiwa mkono hauzidi kiwango chake. Fungeni miti mitatu imara juu kama jiko la mafiga, ning'inizeni mizani, na mnyororo ushike mkono mahali pa kiungo. Hapo mnasoma moja kwa moja bila kuzidisha.

MFANO WA HESABU

Tuseme trela tupu ni kilo 300, injini kilo 350, kinu kilo 150, na vitu vidogo kilo 100. Jumla ni kilo 900. Tunataka mkono wa kilo 90 mpaka 135, na kitabu cha gari letu kinaruhusu.

Tunapima. Mizani inasema 16. Toa 3 za mbao, zinabaki 13. Mara tatu ni kilo 39. Ni kidogo mno! Trela hii itacheza barabarani.

Tunataka kufika karibu kilo 100, kwa hiyo zinapungua kama 60. Kitu cha kusogeza ni injini, kwa kuwa ndiyo nzito. Tuisogeze kiasi gani? Tunapima kutoka ekseli ya trela mpaka mahali pa kiungo, tunapata sentimita 250. Chukua kilo zinazopungua, zidisha kwa urefu huo, gawanya kwa uzito wa kitu unachosogeza. Yaani 60 mara 250 ni 15,000. Gawanya kwa 350, unapata karibu 43. Tunaisogeza injini mbele sentimita 43.

Kabla ya kuisogeza tunairudisha trela kwenye gari, kwa sababu trela iliyoachwa yenyewe inaweza kunyanyuka ghafla mtu akipanda nyuma. Baada ya kusogeza tunafunga vizuri na kupima tena. Mizani inasema 36. Toa 3, ni 33. Mara tatu ni kilo 99. Hapo tumefika. Hiyo ni kilo 11 katika kila 100.

KABLA YA KUONDOKA

Kwanza, mzigo ufungwe kwa minyororo au mikanda imara, mbele, nyuma na kando. Hesabu nzuri haisaidii injini ikiteleza kwenye kona ya kwanza. Kamba ya katani iliyolowa au kuzeeka haiaminiki.

Pili, pimeni kimo cha bampa ya mbele na ya nyuma kabla na baada ya kufunga trela. Nyuma itashuka kidogo, hiyo ni kawaida. Mbele ikipanda sana, kuna kasoro.

Tatu, uzito wa mkono ni mzigo wa pikapu pia. Ukiwa na kilo 100 za mkono, punguza kilo 100 za kile ungepakia nyuma ya gari. Na tafadhali, watu wasipande juu ya trela, hata kama ni wawili tu wa kushikilia. Kinachotakiwa kushikilia mzigo ni mnyororo.

Nne, tangi la maji lijae au liwe tupu. Likiwa nusu, maji yanakimbia mbele na nyuma, na uzito wa mkono unabadilika kila breki.

Tano, angalieni upepo wa tairi, nati za magurudumu, taa za nyuma, na minyororo ya usalama. Minyororo hiyo ipite chini ya mkono ikiwa imepishana, ili mkono ukichomoka usigonge barabara. Trela pia iwe na namba yake, ile inayoanza na herufi Z, na karatasi zake ziwe sawa.

Sita, dereva aende pole. Sisi tunashauri asizidi kilomita 60 kwa saa kwenye lami. Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa Salgaa au wa daraja la Nithi, aingize gia ndogo mapema kabla hajaanza kushuka. Mwenda pole hajikwai.

Na trela ikianza kucheza, je? Dereva aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani uwe sawa, aache gari lipunguze mwendo lenyewe. Asikanyage breki kwa nguvu, asiongeze mafuta, wala asijaribu kuifuata trela kwa usukani. Likishasimama kando ya barabara, mzigo upangwe upya. Asiseme, "Tumekaribia, twende tu."

NENO LA MWISHO

Wale akina mama walilipa mkopo wa injini iliyokufa, halafu wakaanza kuweka tena. Iliwachukua karibu miaka miwili. Siku ya kuleta injini ya pili, mwekahazina wao alikuja na mbao kutoka kwa seremala na mizani ya kuazima. Dereva alicheka, akasema yeye amevuta trela tangu ujana. Mama mmoja mzee akamjibu, "Mwanangu, wewe unavuta trela. Sisi tunavuta miaka mitano." Dereva alinyamaza, akashika jeki. Walipima mara tatu mpaka hesabu ikakubali. Kazi yote ilichukua muda usiozidi saa mbili. Jioni injini ilishushwa nzima, na sasa watu wa pale hawatembei tena mbali kutafuta unga.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho tulipobeba kitu kizito, nani aliamua kikae wapi? Alikuwa na sababu gani?

2. Ni nani karibu nasi ana mizani, mbao na jeki? Tutaviomba vipi, na nani atavirudisha?

3. Kijana wetu yupi anaweza kujifunza hesabu hii na kuwafundisha wengine?

4. Mzigo ukiharibika njiani, hasara ni ya nani: ya dereva, ya mwenye trela au ya kikundi? Je, tuliandikiana?

Jaribuni kwanza na trela yenye mawe au mchanga, kabla ya siku ya mashini. Mkikwama, njooni ofisini kwetu na hesabu yenu, tuitazame pamoja.